Askari Waliosahau na Askari Walioshindwa Kusahau

Kusahau ni jambo la kila mtu. Hapana mwanafunzi asiyepata kuacha kitabu chake bwenini, wala mwalimu asiyepata kutafuta miwani aliyoivaa usoni, wala mzee asiyepata kumwita mjukuu mmoja kwa jina la mwingine. Mambo haya huchekesha, na pengine huudhi, lakini ni mara chache yanapotufanya tuulize kusahau ni kitu gani na hutokana na nini. Tena iko aina ya kusahau isiyochekesha hata kidogo, nayo ni ile ya mtu ambaye moyoni mwake mna jambo moja asiloweza kulisahau usiku wala mchana. Katika insha hii, msomaji wangu, tutafuata habari za watu wa namna hiyo, tukianzia katika mahandaki ya Ufaransa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mpaka tufike Nairobi.

Kwanza yafaa tuujue usahaulifu wa kawaida, ili tupate kipimo cha kupimia ule mwingine. Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu juu ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alitunga silabi nyingi zisizo na maana yoyote, akazikariri orodha kwa orodha mpaka akazijua barabara, kisha akajipima baada ya muda mfupi na baada ya muda mrefu ili aone amebakiwa na nini. Aliona kwamba kusahau huenda mbio mwanzoni, halafu hupunguza mwendo. Baada ya saa moja, zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja, theluthi mbili hivi. Lakini toka siku ile hata mwisho wa mwezi, kilichozidi kupotea kilikuwa kidogo tu.

Wataalamu waliokuja baada yake waliongeza mambo mawili ambayo tutayahitaji mbele. La kwanza ni kwamba kumbukumbu hutegemea uangalifu. Mtu asemaye, "Nimesahau nilipouweka ufunguo," mara nyingi hakusahau kitu, kwa kuwa hakukijua tangu awali. Mkono uliuweka ufunguo wakati akili yake iko mbali, na kisichoingia ghalani hakiwezi kutoka ghalani. La pili ni kwamba kumbukumbu hutegemea usingizi. Tulalapo, ubongo haulali pamoja nasi, bali huyapanga na kuyaimarisha mambo tuliyojifunza mchana. Basi mpunguzie mtu uangalifu, mnyime na usingizi, nawe utakuwa umemfanya msahaulifu, hata kama alizaliwa na akili kali kama wembe.

Sasa na twende vitani. Mwezi Februari 1915, jarida la madaktari wa Uingereza liitwalo The Lancet lilichapa makala ya Charles Myers, mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ambaye wakati ule alikuwa akitumika katika hospitali ya vita huko Le Touquet, kwenye pwani ya Ufaransa. Myers alieleza habari za askari watatu. Mmoja alinaswa na seng'enge huku makombora yakipasuka karibu naye. Wa pili alifukiwa na udongo kombora lilipobomoa handaki. Wa tatu alirushwa chini toka mahali pa juu. Wote watatu walipungukiwa na nguvu za kuona, za kunusa na za kuonja, na wote walikuwa wamepotewa na kumbukumbu. La ajabu ni kwamba masikio yao, ambayo ndiyo yaliyopigwa na mshindo, karibu hayakudhurika. Hali hii Myers aliiita kwa jina ambalo kwa lugha yetu tungesema ni "mshtuko wa makombora". Angalia, msomaji, kwamba katika kichwa cha makala ile, dalili iliyotangulia kutajwa ilikuwa kupotewa na kumbukumbu. Tangu mwanzo kabisa, elimu ya maradhi haya ilikuwa elimu ya kukumbuka na kusahau.

Jina lile lilienea upesi kuliko maelezo yake. Madaktari wengine, na miongoni mwao mkubwa alikuwa Frederick Mott, walidhani kwamba mshindo wa kombora huutikisa ubongo na kuuvunjavunja mle ndani, ijapokuwa kwa nje hapaonekani jeraha. Lakini wagonjwa walipozidi kuwa wengi, ilionekana kwamba baadhi yao hawakuwa karibu na kombora lolote. Wako waliougua baada ya miezi mingi ya kungoja kifo katika matope, na wako waliougua baada ya kumzika rafiki. Ndipo hoja ilipoanza kuwagawa watu: ikiwa mwili haukujeruhiwa, je, huyu ni mgonjwa ama ni mwoga? Mwaka 1917 wakuu wa jeshi la Uingereza walikataza jina la "mshtuko wa makombora" lisitumiwe ovyo, wakaagiza mgonjwa wa namna hii aandikwe kuwa mtu ambaye maradhi yake ya neva bado hayajajulikana.

Usidhani kwamba huo ulikuwa ubishi wa majina matupu, kwa maana maisha ya watu yaliutegemea. Askari mmoja wa Kiingereza, Harry Farr, alilazwa hospitalini miezi mitano mwaka 1915 kwa sababu ya mshtuko wa makombora, kisha akarudishwa vitani. Mwezi Septemba 1916 alishindwa kwenda mstari wa mbele, akahukumiwa kwa kosa la woga, akapigwa risasi na jeshi lake mwenyewe. Yeye ni mmoja wa askari 306 wa Uingereza na nchi zilizokuwa chini yake waliouawa kwa hukumu za kijeshi kama kutoroka na woga katika vita vile, na ambao Uingereza iliwasamehe kwa sheria mwaka 2006. Haisemwi kwamba wote walikuwa wagonjwa. Lakini mahakimu wao hawakuwa na kipimo cha kumtenga mgonjwa na mwoga, na wengine hawakukitafuta. Msamaha uliwafikia baada ya miaka tisini, wakati ambapo hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuusikia.

Katika giza lile zilikuwako taa chache. Mmoja wa waliozishika alikuwa daktari W. H. R. Rivers, aliyewatibu maafisa katika hospitali ya Craiglockhart, karibu na mji wa Edinburgh. Hospitali hiyo hukumbukwa zaidi kwa sababu washairi wawili wa vita, Siegfried Sassoon na Wilfred Owen, walikutana humo mwaka 1917. Lakini kwa insha yetu habari kubwa ni ile aliyoitoa Rivers katika hotuba yake ya Desemba 1917, iliyochapwa katika The Lancet mwaka uliofuata. Rivers alisema kwamba wagonjwa wake wengi walikuwa wameshauriwa na kila mtu, na madaktari na jamaa pia, wayasahau waliyoyaona: wasizungumze habari za vita, wawaze mambo mazuri, wajishughulishe. Walijitahidi kwa nguvu zao zote. Mchana walifanikiwa kidogo, lakini usiku yale waliyoyafukuza mlangoni yaliingia kwa dirishani, wakaamka wakipiga kelele, wamelowa jasho.

Rivers alitoa mfano wa afisa mmoja aliyetoka kumtafuta rafiki yake, akaukuta mwili wake umetawanywa na kombora. Tangu siku ile rafiki yule alimjia katika ndoto na hali ile ile ya kutisha, na afisa akawa anaogopa kulala. Rivers hakumwambia asahau. Alimwonyesha kwamba, kwa jinsi mwili ulivyokuwa, hapana shaka rafiki yake alikufa mara moja bila ya kusikia maumivu. Uso wa afisa ulikunjuka. Akasema kwamba hilo ataweza kulifikiri. Kwa siku kadhaa ndoto haikuja. Ilipokuja tena, alijiona amepiga magoti karibu na rafiki yake, akikusanya vitu vyake vya thamani ili awapelekee jamaa, na hofu ile ya zamani haikuwamo. Kumbukumbu haikufutika; ilipata mahali pa kukaa. Lakini Rivers hakudai kwamba dawa yake yamfaa kila mtu, kwa kuwa alieleza pia habari za mgonjwa ambaye katika mkasa wake halikupatikana hata jambo moja la kumfariji. Hata hivyo alithibitisha neno ambalo wahenga wetu walilisema zamani, kwamba mficha maradhi kifo humwumbua.

Hapa, msomaji, tumefikia kiini cha maneno yetu. Yawezekanaje mtu yule yule akawa hawezi kusahau, na papo hapo akawa msahaulifu? Jibu liko katika yale mambo mawili niliyokuomba uyaweke. Mtu aliyepatwa na mkasa mkubwa huishi kama mlinzi aliyevamiwa usiku mmoja. Baada ya usiku ule, kila kishindo kwake ni mwizi: jani likianguka, yeye husimama; paka akipita, yeye hushika rungu. Wahenga walisema, mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sasa mlinzi wa namna hii mpe ujumbe wa kufikisha kesho asubuhi, nawe utaona kwamba umempotea. Si kwamba hana akili. Akili yake yote iko langoni, na haikubaki hata chembe ya kupokea ujumbe. Tena hakulala, na akilala huamshwa na jinamizi. Uangalifu umekwisha tumika, usingizi umekatika, na nguzo mbili za kumbukumbu zimeanguka kwa pigo moja. Huko kuukumbuka mkasa mmoja kupita kiasi ndiko kunakozaa kusahau mambo madogo madogo ya kila siku.

Ulimwengu ulichukua muda mrefu kuliandika jambo hili katika vitabu vya tiba. Baada ya vita vya 1939–1945, na hasa baada ya askari wa Marekani kurudi kutoka Vietnam, madaktari waliona tena yale yale waliyoyaona Myers na Rivers. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliyaingiza maradhi haya katika orodha yake rasmi. Sisi twaweza kuyaita mkazo wa baada ya kiwewe. Dalili zilizotajwa zilikuwa pamoja na kurudiwa na mkasa katika mawazo na katika ndoto, kushtuka upesi, kukatika kwa usingizi, kukwepa mambo yanayoukumbusha mkasa, na pia kupungukiwa na kumbukumbu au kushindwa kukaza fikira. Tena maradhi haya hayakufungiwa kwa askari peke yao. Aliyenusurika katika moto, mafuriko, ajali ya barabarani, au jeuri nyumbani mwake mwenyewe, aweza kuyapata sawasawa na askari.

Uchunguzi wa ubongo umeongeza nuru, na umetufundisha pia kutokuwa na haraka. Ndani ya ubongo mna sehemu iitwayo hipokampasi, ambayo kazi yake kubwa ni kuziweka kumbukumbu mpya. Ilionekana kwamba kwa baadhi ya wagonjwa wa kiwewe sehemu hiyo ni ndogo kuliko kwa watu wengine, na wengi walifikiri kwamba mkazo ndio ulioipunguza. Mwaka 2002 ulitangazwa uchunguzi juu ya ndugu mapacha wa kufanana, ambao mmoja alikwenda vita vya Vietnam na mwenziwe akabaki. Ikaonekana kwamba pacha wa mgonjwa, ambaye hakuiona vita, naye pia alikuwa na hipokampasi ndogo. Basi yawezekana kwamba, kwa baadhi ya watu, udogo huo ulitangulia mkasa, nao ndio uliofanya jeraha liwe zito zaidi. Hivyo watu wawili waliopatwa na msiba mmoja wanaweza kuwa na mwisho mbalimbali, na haifai kumwambia mmoja, "Mbona mwenzako amevumilia?"

Pengine umekuwa ukijiuliza, yote haya ya Wazungu yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Wakati Myers alipokuwa Le Touquet, vita vile vile vilikuwa vikipiganwa katika nchi zetu, toka Taveta hata Ruvuma na kupita. Majeshi hayakuwa na magari ya kutosha, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo, basi mizigo ikabebwa kwa vichwa na mabega ya watu. Jina la Kariakor ya Nairobi, kama lile la Kariakoo ya Dar es Salaam, ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi hao. Hesabu za serikali zilitaja zaidi ya 40,000 miongoni mwao waliokufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Waliorudi makwao hawakukuta Craiglockhart ikiwangoja. Hali kadhalika katika vita vilivyofuata, vijana wa King's African Rifles walipigana Uhabeshi, Madagascar na Burma, wakarudi kulima.

Na hapa twaiona aina ya tatu ya kusahau, nayo ni kusahau kwa mataifa. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa ajili ya vita vya kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa kumbukumbu kwa majina yao, na pengine hawakuwekewa kumbukumbu yoyote. Kusahau huku si udhaifu wa ubongo. Aliyeshika kalamu ndiye aliyeamua ni nani aandikwe na ni nani aachwe. Na jina lisiloandikwa halisahauliki kwa bahati mbaya.

Karibu nasi zaidi iko siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998. Asubuhi ile bomu lililotegwa kwenye ubalozi wa Marekani, pale Barabara ya Moi inapokutana na ya Haile Selassie, liliua watu 213 katika Nairobi na kujeruhi maelfu. Na karibu wakati ule ule bomu jingine liliua watu Dar es Salaam. Wengi Nairobi walipofushwa na vioo, kwa kuwa waliposikia mlipuko wa kwanza, mdogo, walikimbilia madirishani kutazama, ndipo ulipokuja ule mkubwa. Mahali pale leo pana bustani na ukuta wenye majina. Safari hii majina yaliandikwa. Tena madaktari na washauri walijitokeza kuwasikiliza walionusurika, maana ilikwisha julikana kwamba kidonda kisichotoka damu nacho ni kidonda. Mtu ambaye miaka mingi baadaye huruka gurudumu la gari likipasuka, na ambaye husahau alilotumwa dukani, si lazima awe mzembe wala mchovu wa akili. Huenda yungali akisimama kwenye lile dirisha.

Kabla hatujaagana, nakuonya juu ya makosa mawili. La kwanza ni kumdhania kila msahaulifu kuwa mgonjwa. Umesahau kanuni ya hesabu kwa sababu hukuirudia. Dawa yako ni kuirudia, wala usijitafutie maradhi ya askari ili uepuke mtihani. Wengi waliopatwa na misiba pia hupona pole pole kwa msaada wa jamaa, kazi na usingizi, bila ya kuugua kwa muda mrefu. Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza, nalo ni zito zaidi: kumhukumu msahaulifu bila ya kuuliza. Katika darasa lako huenda yumo aliyeona nyumba yao ikichomwa, au aliyetolewa chini ya gari lililopinduka. Yeye hutazama ubao lakini haoni kilichoandikwa. Huulizwa swali, akashtuka. Hupewa kazi, akaisahau. Wenzake humwita mvivu, na kila aitwapo hivyo hujikunja zaidi. Usimwulize siri zake kwa udadisi, wala usimlazimishe kusimulia. Mwazime daftari, mkumbushe kazi bila ya kumcheka, keti karibu naye anyamazapo. Na ukiona mzigo wamzidi nguvu, msindikize kwa mwalimu unayemwamini au kwa daktari, kwani maradhi haya yana tiba, na tiba yake leo ni bora kuliko ile ya mwaka 1917.

Mahakimu wa Harry Farr walikuwa na sababu moja ya kujitetea: elimu ya wakati wao ilikuwa changa. Sisi sababu hiyo hatunayo.